Mfuko ubaki mlangoni, kikombe kiondoke

Shangazi, jambo.

Nakuandikia saa nane za usiku. Watoto wamelala, na mimi niko macho naangalia kikombe.

Acha nieleze. Niko na miaka 36, mama wa watoto watatu, nashona nguo kule Birere, hapa Goma. Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, tulikimbia kama kila mtu. Nyumba yetu haikuguswa na moto, lakini siku zilizofuata ardhi ilitikisika mchana na usiku, ukuta wa chumba chetu ukapasuka. Ndipo nikajizoeza kuweka kikombe cha maji juu ya kiti karibu na kitanda. Nikishtuka usiku nawasha simu, naangalia kama maji yanacheza. Yakiwa yametulia, narudi kulala. Zamani ilikuwa mara moja moja. Tangu milio ya bunduki ya Januari 2025, naangalia mara sita, mara nane kwa usiku. Nalala na nguo na viatu miguuni. Mfuko wa karatasi zetu uko mlangoni siku zote.

Kama miezi mitatu iliyopita, lori la makala, yaani makaa, lilipita nikiwa kwenye cherehani. Meza ikatetemeka. Hapo hapo roho ikaanza kunipiga kama ngoma, vidole vikaingia ganzi, midomo pia, jasho likanitoka, kifua kikabana, nikajua nakufa. Wenzangu walinipandisha pikipiki hadi hospitali. Walipima moyo, wakasema ni mzima. Imenirudia mara tano. Mara ya tatu muuguzi akaniambia, "Mama, huna kitu, nenda nyumbani." Shangazi, mtu asiye na kitu anaweza kuhisi hivi?

Sasa sokoni siendi, namtuma mtoto mkubwa. Wifi yangu anasema nimerogwa na jirani tuliyegombania naye kiwanja. Kwenye chumba cha maombi waliniambia nifunge siku tatu bila kula. Farmasi ya kartiye, hapa mtaani, iliniuzia Valium, nakunywa kidonge kimoja kila usiku, hii ni wiki ya tano. Naona hakinilazi tena kama mwanzo, nafikiria kuongeza. Bwana yangu hapati pesa yake vizuri tangu benki zifungwe. Simwambii mengi, ana yake.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Juzi usiku binti yangu wa miaka saba aliamka. Hakulia, hakuomba maji. Aliuliza tu: "Mama, kikombe kimetikisika?"

Je, ninarukwa na akili? Niache dawa? Nifanye nini?

Mama wa Watatu, Katindo

Mama wa Watatu, mwanangu, pole. Pole ya miaka yote hiyo ya kulala na viatu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili sikuweza kupita swali la binti yako. Nitarudi kwake.

Hurukwi na akili. Ulichonacho ni wasiwasi uliozidi kipimo, na zile mara tano ulipodhani unakufa ni mashambulio ya hofu. Madaktari wanayajua na yanatibika. Wala hayakukuchagua wewe peke yako: mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba katika nchi zilizopitia vita, karibu mtu mmoja kati ya watano ana tatizo la afya ya akili, na wasiwasi ni miongoni mwa matatizo yanayoonekana zaidi. Hesabu nyumba za avenyu yako, utaona kwamba usiku huu kuna wengine macho kama wewe, kila mmoja na kikombe chake.

Muuguzi aliyekuambia huna kitu alitaka kusema moyo wako hauna ugonjwa. Hilo ni jema, lishike. Lakini alikuacha mlangoni bila kukuambia ulichonacho, na mtu asipopewa jina la maumivu yake huenda kulitafuta kwa wifi.

Sasa turudi kwenye lori lile la makala. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na nyoka wako wewe ni ardhi. Meza ilipotetemeka, kabla hujawaza lolote, ubongo ulikuwa umekwisha kupiga kengele na adrenalini imemwagika kwenye damu. Moyo ulienda mbio ili miguu ipate nguvu za kukimbia. Pumzi ikawa fupi na ya haraka. Ila wewe hukukimbia, ulikuwa umekaa kwenye cherehani, kwa hiyo ulipumua kuliko mwili ulivyohitaji, na kaboni dioksidi ikapungua kwenye damu. Upungufu huo ndio unaotia ganzi vidoleni na mdomoni, ndio unaoleta kizunguzungu. Ukahisi ganzi, ukasema "nakufa", na kengele ikapigwa upya, safari hii kwa nguvu zaidi. Mzunguko wenyewe ni huo. Kwa kawaida hupanda hadi kilele ndani ya dakika kumi hivi, halafu hushuka, hata usipofanya lolote.

Hewa hiyo ya kaboni dioksidi sisi watu wa Goma tunaijua kwa jina lingine. Ndiyo iliyojaa kwenye mazuku, ile hewa nzito inayotoka ardhini na kulala mashimoni, inayoua mbuzi na hata watu. Ikizidi inaua. Ikipungua mwilini kwa sababu ya kupumua haraka, inatia ganzi tu, na ganzi hiyo haiui.

Nimeyataja mazuku kwa sababu nyingine pia. Hatukuhama mji kwa ajili yake. Tumejua mabonde gani ni mabaya, tunawakataza watoto kucheza pale, kisha tunaendelea na njia. Kwangu mimi hofu yenye faida ni hiyo: inakuonyesha mahali na inakuambia cha kufanya. Isiyokuambia cha kufanya inakula usingizi wako bure.

Kwa hiyo sitakuambia kwamba hakuna cha kuogopa. Anayekuambia hivyo haijui Goma. Nyiragongo ililipuka mwaka 1977, ikarudi Januari 2002 na kupita katikati ya mji hadi ziwani, ikarudi tena tarehe 22 Mei 2021. Mfuko wako wa karatasi ni akili njema, uache pale pale mlangoni. Ufungue leo mchana uone kama vyeti vya watoto vyote vimo, ongeza tochi na maji, ukubaliane na bwana yako mtakutana wapi mkipoteana. Kisha ufunge. Kazi ya mfuko imekwisha, hauhitaji kulindwa usiku.

Kikombe ni habari nyingine. Kikombe hakijawahi kukuokoa, mwanangu. Tetemeko kubwa litakuamsha lenyewe, na dogo halina haja na macho yako. Kinachotokea ni hiki: unashtuka, unaangalia, maji yametulia, unapata nafuu ya dakika moja. Ubongo unaandika kwenye daftari lake kwamba ulipona kwa sababu uliangalia. Usiku unaofuata unakudai uangalie tena. Mara moja zikawa sita, sita zikawa nane. Deni la namna hii halipungui kwa kulipa.

Usikivunje kwa hasira. Kiondoe polepole. Wiki ya kwanza kitoe kwenye kiti, kiweke mezani ng'ambo ya chumba. Ukishtuka usiku, kabla ya kuwasha simu, ngoja dakika tano. Zitakuwa ndefu, na huenda utatetemeka. Kaa nazo. Ukishindwa, angalia, halafu kesho ngoja sita. Wiki ya pili kikombe kiende jikoni. Viatu navyo vitoke miguuni, vikae chini ya kitanda, vidole vikielekea mlangoni. Utavikuta hata gizani.

Sasa dawa, na hapa nisikilize vizuri. Usiongeze. Wala usiache ghafla. Valium ukiinywa kila siku kwa wiki kadhaa, mwili unaizoea, ndiyo maana kidonge kimoja hakikulazi tena. Ukiikata kwa siku moja, wasiwasi unaweza kurudi maradufu, mikono ikatetemeka, usingizi ukapotea kabisa, na kwa wengine huleta degedege. Nenda kwa daktari na pakiti yenyewe mkononi, mwambie wiki ngapi na vidonge vingapi, akupangie jinsi ya kupunguza kidogo kidogo. Na wakati huu wote pombe ni mwiko, hata kasiksi ya harusini, kwa kuwa vikikutana viwili hivyo vinaweza kuzima pumzi. Farmasi inayokuuzia dawa hii kama pipi, bila karatasi ya daktari, inakukosea. Nasema hivyo bila kuficha, nimeona akina mama wengi walioingia mlango huo wakitafuta usiku mmoja tu wa usingizi.

Ukiwa kwa daktari, omba akuangalie na vitu ambavyo kipimo cha moyo hakivionyeshi. Damu kidogo hufanya moyo ukimbie. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi hufanya hivyo hivyo, mikono inatetemeka, unakonda, joto linakushinda. Huku kwetu Kivu goita, uvimbe wa tezi hiyo, si ngeni, waulize watu wa kisiwa cha Idjwi. Sukari nayo wapime. Na siku yoyote kifua kikikuuma unapopanda mlima au kubeba mzigo, au ukizimia, au likikujia wazo la kutotaka kuishi, usingoje wiki ijayo: nenda siku hiyo hiyo, na usiende peke yako.

Goma ina kituo cha afya ya akili kiitwacho Tulizo Letu, cha mabruda wa Frères de la Charité. Watu hukipita kwa aibu, wakiogopa kuonekana mlangoni. Wewe ingia. Wapo pia wasaidizi wa kisaikolojia kwenye vituo vingi vya afya vya kartiye, uliza mapokezi bila haya. Daktari akiona inafaa, anaweza kukupa dawa ya aina nyingine ya wasiwasi, ile ya kunywa kila siku ambayo huchukua wiki mbili hadi sita kuonyesha kazi yake na ambayo mwili hauikimbilii kama Valium. Akikupa, usiiache wiki ya kwanza ukisema haifanyi kitu.

Wakati unangoja hayo yote, una chombo mkononi, au niseme mguuni. Cherehani yako nadhani ni ya kukanyaga. Anza asubuhi, ukiwa umetulia, usingoje hofu ije. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu nne, tumbo lijae, mabega yasipande. Toa ukihesabu sita, taratibu, kama unayepuliza makaa bila kutaka kurusha majivu. Kisha ifuatishe na kazi: unapopanga kitambaa chini ya sindano, vuta, na unapokanyaga kushona mshono wa mkono wa blauzi, toa pumzi mpaka mshono uishe. Fanya dakika tano asubuhi, tano jioni. Pumzi ndefu ya kutoka ndiyo inayoupa moyo ruhusa ya kupunguza mwendo, na inarudisha ile hewa iliyopungua, ganzi inaondoka. Lori lipite ukiwa umeshazoea. Usijaribu kuvuta hewa nyingi kama watu wanavyoshauri, "vuta, vuta mama", maana hapo unaongeza moto.

Soko. Najua kumtuma mtoto ni rahisi, lakini kila siku usiyoenda, soko linakua na kutisha zaidi. Mwombe mwenzako mmoja wa cherehani mfuatane. Siku ya kwanza mfike mwanzo wa soko tu, pale wanapouza samaki wadogo wa sambaza, msimame. Hofu itapanda. Usiondoke ikiwa kileleni, ngoja ianze kushuka, hata kama ni robo saa, kisha nunua kitu kidogo, nyanya za bei ndogo, mrudi. Kesho kutwa mwingie ndani zaidi. Ukiondoka hofu ikiwa juu, umeifundisha kwamba ilikuwa na haki. Ukiiona ikishuka ukiwa bado umesimama pale pale, umejifunza kitu ambacho hakuna mtu angeweza kukuambia ukakiamini.

Kahawa uache ya asubuhi tu, maana saa tano baada ya kuinywa nusu yake bado iko mwilini. Usianze kazi tumbo tupu, uji unatosha. Tembea kwa miguu kila siku nusu saa kama njia ni salama.

Simu ndiyo nataka tuizungumze kidogo zaidi. Unaiwasha usiku kuangalia kikombe, na nina hakika ukishaiwasha unasikiliza na zile sauti za WhatsApp: "wameonekana mahali fulani", "volkano inatoka kesho saa kumi". Chagua chanzo kimoja na saa moja. Kituo cha uchunguzi wa volkano hapa Goma hutangaza hali kwa rangi nne, kijani, njano, chungwa na nyekundu. Jua rangi ya leo, inatosha. Habari za mji zisikilize mara moja, redioni, jioni kabla ya chakula, Radio Okapi au unayoiamini. Baada ya hapo simu ilale chumba kingine. Ujumbe wa sauti usiojulikana ulikotoka haukuongezei hata dakika moja ya kukimbia.

Kuhusu wifi yako. Sitamcheka, wala sitabishana juu ya yaliyopo na yasiyopo. Ila angalia kazi ya neno lake: limekupa adui wa mlango wa pili, na sasa una sababu mpya ya kutolala. Kesi ya kiwanja ipelekeni kwa chifu wa avenyu, mahali pake. Na maombi, endelea nayo kwa moyo wote. Kuimba kwaya kwenyewe ni pumzi ndefu ya kutoka, nani asiyetoka kanisani roho imeshuka? Lakini kufunga siku tatu bila kula, na Valium mwilini, na watoto watatu wa kulea, nakukataza kama mama. Mwambie anayekuombea kwamba uko kwenye dawa. Akiwa mchungaji kweli atakuombea ukiwa umekula.

Umeandika kwamba bwana yako ana yake, kwa hiyo humwambii. Mwanangu, naye anasikia unavyoamka mara nane. Anajua kuna kitu, hajui ni nini, na asiyejua hujaza mwenyewe. Washona wa nchini Zimbabwe wana neno *kufungisisa*, kuwaza kupita kiasi, ndilo hili tunaloliita huku mawazo mengi. Mwaka 2006 daktari wa huko, Dixon Chibanda, aliwafundisha akina bibi wa Harare kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kusikiliza wenye mawazo mengi, kisha kuchagua pamoja nao tatizo moja la kushughulikia. Walipolipima jambo hilo kwa utafiti uliochapishwa mwaka 2016, waliokaa kwenye benchi walikuwa na dalili chache zaidi baada ya miezi sita kuliko wengine. Bibi, benchi, tatizo moja. Wewe na bwana yako mnaweza kukaa hivyo nje ya nyumba jioni, dakika ishirini. Msianze na vita wala benki, hayo hamyafungui nyinyi. Anzeni na kitu cha wiki hii: karo ya mkubwa, au deni la vitambaa, au mchango wa kikundi chenu cha akiba. Na umwonyeshe barua hii kama maneno yanakushinda.

Sasa binti yako.

Mtoto wa miaka saba haogopi volkano, mwaka 2021 alikuwa mdogo mno kukumbuka. Anaiogopa hofu yako. Amejifunza kwamba usalama wa nyumba unakaa ndani ya kikombe, na kwamba mama ndiye mlinzi wa zamu. Mkalishe mchana, si usiku, umwambie kwa maneno mepesi: mama alikuwa na woga mwingi tangu zamani, mama ameanza kutibiwa, kikombe si kazi ya watoto. Mwonyeshe mfuko. Fanyeni mazoezi mara moja kama mchezo, nani anamshika nani mkono, mlango upi, mnasimama wapi nje mbali na ukuta. Mara moja tu, mkacheke, mkaingia ndani kula.

Halafu siku kikombe kinapohama kwenda jikoni, mpe yeye akibebe. Amwage maji kwenye ndoo, akioshe, akiweke na vyombo vingine. Na usiku akiamka tena akuulize kama kimetikisika, mjibu bila kuwasha simu: "Sijui, mama. Kiko jikoni. Sogea nikufunike."